Maswali ya Wasomaji: Hadithi ya Juzuu Kumi na Nne Husomwaje?

Katika toleo lililopita nilitaja, kwa sentensi mbili tu, kwamba nimemaliza kuusoma kwa mara ya pili mfululizo wa The Wheel of Time, riwaya ya fantasia ya Mmarekani Robert Jordan yenye juzuu kumi na nne, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1990 na kukamilika mwaka 2013. Sikujua kwamba nimechokoza mzinga wa nyuki. Barua zimemiminika, na nyingi hazikutoka kwa wabobezi bali kwa watu waliojikuta wamo ndani ya hadithi ndefu kuliko walivyotarajia, nao wanauliza watafikaje ng'ambo. Nimechagua sita. Nimejitahidi kutotoboa siri za hadithi, na pale nilipolazimika kugusa jambo la ndani nimeligusa kwa mbali.

SWALI: Shikamoo mwandishi wa safu. Niliazimwa kitabu kinene kisicho na jalada, kurasa zake za mwanzo zimechomoka, nikakisoma siku tano mfululizo hata usingizi ukanipaa. Nilipofika mwisho ndipo nilipoelewa kwamba ile ni juzuu ya tatu ya huo mfululizo ulioutaja. Je, niendelee na ya nne maadamu hadithi bado i moto kichwani, au nirudi mwanzo? Jamaa yangu naye ananiambia kuna kitabu kingine kinachosimulia mambo yaliyotangulia hata juzuu ya kwanza, na kwamba mwenye akili huanza na hicho. — Niliyeingilia Dirishani

JIBU: Marahaba, mwanangu. Rudi mwanzo, wala usijutie dirisha lako, kwa maana wasomaji wengi wa hadithi hizi waliingia kwa njia hiyohiyo ya kuokota juzuu ya katikati. Umekwisha kujua baadhi ya mambo ambayo wenzako waliyangojea, lakini juzuu ya kwanza ina utamu ambao kujua matokeo hakuuondoi. Itazame sura ya kwanza. Kijana anatembea na baba yake kando ya mkokoteni uliopakiwa mapipa, wanaelekea kijijini, na upepo wa baridi unavuma kwa nguvu kiasi kwamba kijana anahangaika na joho lake mwenyewe lisipeperuke. Anageuka nyuma, anamwona mpanda farasi aliyejitanda joho jeusi. Inamchukua muda kutambua ni nini hasa kinachomtisha: upepo ule wote hautikisi hata pindo la joho la yule mtu. Anapotazama tena, njia ni tupu. Hakuna upanga uliochomolewa, hakuna tone la damu lililomwagika, na bado nywele zinakusimama.

Utagundua pia kwamba sura ya kwanza ya kila juzuu hufunguliwa kwa maneno yaleyale kuhusu gurudumu na enzi, kisha upepo unainuka mahali fulani, kila mara mahali tofauti, na kuvuma hadi unapomfikia mtu ambaye hadithi inamhitaji. Sisi tuliolelewa kwa «Paukwa!» na «Pakawa!» hatuhitaji kuelezwa kazi ya maneno hayo. Ni mlango. Lakini mlango huo unapata uzito kadiri unavyoupita mara nyingi, na anayeanzia juzuu ya nne anakuwa ameunyima nafasi ya kumzoea.

Kuhusu kitabu cha mambo yaliyotangulia, jamaa yako amechanganya mpangilio wa matukio na mpangilio wa kusoma. Kitabu hicho kilitoka mwaka 2004, baada ya juzuu ya kumi, nacho kinasimulia jinsi mwanamke aitwaye Moiraine na mlinzi wake Lan walivyokutana. Sasa fikiri: katika juzuu ya kwanza mwanamke huyo anafika kijijini akiwa mgeni mwenye nguvu za ajabu, na vijana wanaomfuata hawajui kama anawaokoa au anawapeleka machinjioni. Msomaji naye hatakiwi kujua. Ukianza na kitabu cha 2004 utamjua Moiraine ndani nje kabla vijana hawajamwona, na ile hofu yote itakuwa imemwagika kama maji mchangani. Kisome pale kilipotoka, kati ya juzuu ya kumi na ya kumi na moja, au ukiache hadi mwisho.

SWALI: Nimekwama. Juzuu ya sita niliimaliza kwa wiki mbili. Hii ya kumi niko nayo mwezi wa tatu sasa. Kila nikiifungua, watu wameketi, wanakunywa chai, wanatazamana, wanaelezwa mavazi yao. Kaka yangu hunichoma kwa methali kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mwenye kasoro ni mimi au ni kitabu? — Mwenye Alama Ukurasa Uleule

JIBU: Ni kitabu.

Nasema hivyo kwa mapenzi, na sidhani kama kuna mpenzi wa kweli wa mfululizo huu atakayenipinga kwa nguvu. Angalia miaka yenyewe. Juzuu sita za kwanza zilitoka kati ya 1990 na 1994, yaani zaidi ya moja kwa mwaka, jambo la kushangaza kwa vitabu vya unene ule. Ya saba ilitoka 1996, ya nane 1998, ya tisa 2000, ya kumi 2003. Mwandishi hakuwa amechoka. Hadithi ndiyo iliyotanuka. Vijana waliotoka kijiji kimoja wakiwa kundi moja wametawanyika pembe zote za dunia, kila mmoja ana jeshi lake, wapenzi wake, maadui wake na washauri wake, na kila mmoja anadai sura zake. Msimulizi aliyekuwa akichunga mbuzi watano sasa anachunga mia.

Halafu kuna lile ambalo linaifanya juzuu ya kumi iwe ya pekee. Mwishoni mwa juzuu ya tisa kunatendeka jambo kubwa mno, ambalo wenye nguvu za ajabu wanalihisi hata wakiwa mbali kiasi gani. Jordan aliamua kwamba juzuu inayofuata irudi nyuma na kuwaonyesha wahusika wengine walikuwa wapi na wakifanya nini wakati jambo lile likitendeka. Kwa fundi wa hadithi hilo ni wazo zuri sana. Kwa msomaji aliyekuwa akingoja kujua kilichofuata ni adhabu, kwa sababu anageuza mamia ya kurasa huku saa ya hadithi ikiwa inarudi kinyumenyume, na wale waliokisoma kilipotoka walikuwa wamekisubiri kwa zaidi ya miaka miwili, kisha ikawabidi wasubiri mingine miwili. Manung'uniko mengi unayoyasikia kuhusu juzuu hiyo yana uchungu wa kusubiri ndani yake. Wewe huna uchungu huo. Ya kumi na moja, iliyotoka 2005, ipo tayari, na ni miongoni mwa zile zinazokwenda kwa kasi kuliko zote: mafundo yaliyofungwa tangu juzuu ya saba yanaanza kufunguliwa moja baada ya jingine.

Nikushauri jinsi ya kuvuka. Juu ya kila sura kuna alama ndogo iliyochorwa, na alama hizo hazikuwekwa kwa pambo tu. Ukiona dadu, jua unakwenda kwa Mat, mmoja wa vijana wale wa kijijini. Ukiona kichwa cha mbwa mwitu, mara nyingi ni mwenzake Perrin. Zitumie. Wafuate wale unaowapenda kwa makini, na wale wasiokugusa wapitie juujuu, ukisoma aya ya kwanza na ya mwisho ya kila ukurasa. Mlolongo wa kugombea kiti cha enzi, ambamo nyumba za makabaila zinahesabiwa moja moja nani yuko upande gani, ndio unaochosha kuliko yote kwa maoni yangu, na mara yangu ya kwanza niliuruka karibu wote bila kuadhibiwa na mtu. Mara ya pili niliusoma, nikaufurahia kiasi, kwa kuwa sikuwa tena na haraka ya kufika popote. Na umwambie kaka yako kwamba methali yake inataka mtu aoge tu. Haikusema azamie penye kina.

SWALI: Majina yananishinda. Kuna watu, miji, makundi ya wanawake wenye rangi zao, vyeo, na kila mtu ana jina la pili ambalo watu wengine humwita. Nimeanza kuchora chati ukutani, mke wangu anacheka. Je, kuna njia ya kuyashika yote? — Mchora Chati

JIBU: Njia ya kuyashika yote haipo, na hilo ndilo jambo la kwanza la kukubali. Wahusika wenye majina ni mamia kwa mamia, na wengine wanatajwa mara moja kisha hawaonekani tena hadi juzuu tano zipite. Mwishoni mwa kila juzuu kuna faharasa yenye maelezo na matamshi ya majina, ambayo ni msaada mkubwa, ila itumie kwa hadhari: fungua ya juzuu unayoisoma tu, kwani ukichungulia ya juzuu ya mbele utakuta mtu unayemdhania mkulima ameandikwa kwa cheo ambacho hujasoma alivyokipata. Mimi nilijiharibia uhondo wa juzuu nzima kwa namna hiyo, kwa jicho moja tu la pembeni.

Chati iache. Daftari dogo linatosha, na usiandike nasaba. Andika kile unachokiona. Daftari langu la zamani bado ninalo, na ukurasa wake wa kwanza una maneno kama «anavuta shungi anapokasirika», «mcheza dadu, haaminiki, atafika», «anakunja kipaji, hasemi». Sikuandika jina la nchi hata moja. Akili humkumbuka mtu kwa alama yake kabla ya jina lake, kama vile tunavyomkumbuka jirani wa zamani kwa mwendo wake, na Jordan analijua hilo vizuri sana, ndiyo maana wahusika wake wana tabia za mwili zinazorudiwa hadi nyakati nyingine zinakera. Ule uvutaji wa shungi, kwa mfano, nakuhakikishia utauchoka. Lakini ukimkuta mwanamke huyo baada ya kurasa elfu moja, shungi litakukumbusha kabla ya jina.

Kuna sababu nyingine ya kutokuwa na wasiwasi. Katika juzuu ya kwanza, vijana wanapolala kwenye nyumba ya wageni ya mji mmoja, wanakutana na msichana aliyekata nywele fupi na kuvaa nguo za kiume, jina lake Min, ambaye akimtazama mtu huona picha zikielea kumzunguka. Anamwambia mmoja wao alichokiona kwa kila mwenzake, tena kwa haraka, kama mtu anayesoma orodha: tai mwekundu, jambia lenye kito, baragumu, jicho lililowekwa juu ya mizani. Unasoma, unapita. Hakuna anayeshika yote hayo kichwani, wala mwandishi hakutazamii uyashike. Picha hizo hutimia moja baada ya nyingine, na lile jicho juu ya mizani linakuja kupata maana yake katika juzuu ya kumi na tatu, iliyotoka miaka ishirini baada ya ile ya kwanza. Ukifika hapo utashtuka, utarudi nyuma, utakuta maneno yale yamekaa palepale yakikungojea. Hiyo ndiyo starehe ambayo kitabu cha kurasa mia tatu hakiwezi kukupa hata kikiandikwa na nani, na haidai chati.

SWALI: Napenda sana hadithi hizi lakini naogopa kuanza. Nilishaumwa na nyoka: kuna mfululizo niliousoma hadi juzuu ya tano na mwandishi hajatoa ya sita mpaka leo. Nasikia huyo Jordan naye alifariki kabla ya kumaliza. Kwa nini niingie tena? — Aliyeumwa na Nyoka

JIBU: Nadhani namjua nyoka wako. George R. R. Martin alitoa juzuu ya kwanza ya mfululizo wake mwaka 1996, ya pili 1998, ya tatu 2000, ya nne 2005 na ya tano 2011, na wasomaji wake bado wanaingojea ya sita. Sikusuti kwa kuogopa ung'ongo.

Ni kweli kwamba Jordan alifariki, Septemba 2007, kwa maradhi adimu ya damu, akiwa na umri wa miaka 58, na juzuu ya kumi na moja ndiyo ya mwisho aliyoikamilisha mwenyewe katika mfululizo mkuu. Lakini aliumwa akijua anaumwa. Alitumia miezi yake ya mwisho kuacha maandishi, maelezo na simulizi za mdomo kuhusu kila kilichobaki, na tukio la mwisho kabisa la hadithi alikuwa ameliandika yeye. Mkewe, Harriet McDougal, ndiye aliyekuwa mhariri wa vitabu hivyo tangu cha kwanza, kwa hiyo mjane na mhariri walikuwa mtu mmoja, jambo ambalo ni nadra na ambalo nadhani ndilo lililouokoa mfululizo. Alisoma rambirambi iliyoandikwa na mwandishi kijana, Brandon Sanderson, ambaye riwaya yake ya kwanza ilikuwa imetoka miaka miwili tu kabla, akampigia simu. Kilichokusudiwa kuwa kitabu kimoja cha kufungia kikawa vitatu: 2009, 2010 na 2013.

Je, mshono unaonekana? Unaonekana. Sanderson ana sentensi fupi kuliko za Jordan na anapenda mambo yaende. Mat, ambaye ndiye mcheshi wa hadithi, anasikika katika juzuu ya kumi na mbili kama mtu anayemwigiza Mat, na inachukua muda hadi arudi kuwa mwenyewe. Sitaki kukudanganya juu ya hilo. Ila kwa mtu aliyetoka juzuu ya kumi, ile kasi mpya ni kama kufunguliwa dirisha, na sura ya vita vya mwisho katika juzuu ya kumi na nne, ambayo ni ndefu kuliko riwaya nyingi unazozijua, nilianza kuisoma jioni na sikulala.

Ikiwa hata hivyo unataka mfululizo ulioanzwa na kumalizwa na mkono uleule, wapo. Steven Erikson, Mkanada aliyesomea akiolojia na anthropolojia, alianza wa kwake mwaka 1999 na kuufunga mwaka 2011 kwa juzuu kumi, bila kumkimbia msomaji. Nakuonya tu kwamba anakutupa kwenye kina tangu ukurasa wa kwanza na haelezi kitu. Ukiupenda, ni kwa sababu unapenda kuchimba kama yeye.

SWALI: Sina muda wa kukaa na kitabu. Je, nikisikiliza vilivyorekodiwa kwa sauti, nitahesabika nimesoma? — Wa Njiani Daima

JIBU: Utahesabika. Tendi zetu ziliimbwa zikasikilizwa na watu ambao wengi wao hawakupata kuushika mswada wake, na hakuna aliyethubutu kuwaambia kwamba hawazijui. Juzuu ya kwanza peke yake inachukua takriban saa 30. Wasomaji wa rekodi ya awali ni wawili, Kate Reading na Michael Kramer, na wanapokezana kadiri hadithi inavyotazamwa kwa macho ya mwanamke au ya mwanamume, jambo ambalo linamsaidia msikilizaji kujua yuko kwa nani kabla jina halijatajwa. Hasara ni moja: hutaziona ramani wala zile alama za juu ya sura. Tafuta nakala ya kitabu uitazame hata mara moja.

SWALI: Nilimaliza juzuu ya kumi na nne wiki tatu zilizopita, na tangu siku hiyo kila kitabu ninachokishika nakiona chembamba. Nahisi kama nimehama mji ambao nilikaa miaka miwili. Nisome nini sasa? — Mhamiaji

JIBU: Pole, ndugu yangu, na hongera. Hali hiyo naijua, na kosa ambalo wengi hufanya ni kukimbilia mara moja mfululizo mwingine wa unene uleule, kisha wanaulaumu kwa kutokuwa ule wa kwanza. Kwa sasa chukua kitu chembamba kwa makusudi. Vitabu vya Ursula K. Le Guin kuhusu Earthsea vinafaa kuliko vyote ninavyovijua: dunia ya visiwa vingi, ambamo kulijua jina la kweli la kitu ndiko kuwa na nguvu juu yake. Cha kwanza kilitoka mwaka 1968, na kufikia 1972 vilikuwa vitatu; kisha mwandishi akanyamaza hadi 1990, akarudi na cha nne ambacho kinautazama ulimwengu uleule kutoka jikoni na shambani badala ya kutoka mnarani kwa wachawi. Wapo waliokasirika. Mimi nakihesabu kuwa kizuri kuliko vyote, na kwa hakika hakieleweki bila vile vitatu.

Ukishapona, nenda kwa Robin Hobb. Vitabu vyake kumi na sita, vilivyotoka kati ya 1995 na 2017, vimegawanywa katika mafungu matano, na katika mafungu matatu kati ya hayo msimulizi mkuu ni mtu mmoja, mwana wa nje ya ndoa wa mfalme mtarajiwa, ambaye unaanza naye akiwa mtoto wa miaka sita na kumfuata hadi uzeeni. Hobb hana majeshi mengi wala faharasa ndefu. Ana mtu mmoja, na hamwachii apumzike.

Lakini kabla ya kumshika yeyote kati ya hao, fanya jambo moja usiku wa leo. Fungua tena juzuu ya kwanza, sura ya kumi na tano, pale kwenye nyumba ya wageni, usome yale ambayo Min anayaona. Safari hii utajua ile mizani ilikuwa ikipima nini.